Usiache mkate kabla ya kupimwa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Daktari anataka upimwe ugonjwa wa siliaki kwa sababu damu yako imebaki chini hata baada ya vidonge vya madini ya chuma, na tumbo halitulii. Unauliza kama uache mkate na chapati sasa hivi, kama shangazi yako alivyokushauri, ili tumbo lipumzike kabla ya siku ya kipimo.

Usiache, mama. Bado.

Mimi nimezeekea labo, basi nikueleze kinachotafutwa ndani ya kile kichupa cha damu. Mwenye siliaki, mwili wake unapambana na gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Katika kupambana huko unatoa kingamwili, na kipimo cha tTG-IgA kinazitafuta hizo. Ukiacha ngano, kingamwili zinashuka na utumbo mwembamba unaanza kupona. Karatasi itasema huna kitu, na ugonjwa umo. Shangazi yako anakutakia mema, lakini ushauri wake ungefaa baada ya majibu.

Halafu kuna jambo la hapa kwetu Lubumbashi. Umeniandikia kwamba "unakula kawaida". Kawaida yako naijua: bukari ya mahindi, lengalenga, maharagwe, samaki. Gluteni hapo hakuna hata chembe. Mihogo, mchele, viazi, ndizi, ulezi, vyote havina. Mtu wa hapa anaweza kumaliza wiki nzima hajagusa ngano wala hajatambua. Wanaoandika huko Ulaya kwamba mgonjwa aendelee kula kama kawaida wanafikiria meza yenye mkate asubuhi na tambi jioni.

Mwongozo wa Uingereza unataka mtu ale gluteni kila siku, katika zaidi ya mlo mmoja, kwa angalau wiki 6 kabla ya kupimwa. Kwako wewe, hiyo ni mkate na chai asubuhi, vipande viwili au zaidi, na jioni chapati au tambi. Bukari usiiache, ila isichukue nafasi ya ngano. Bia ina shayiri, najua utaniambia, lakini gluteni yake ni kidogo, usiihesabu.

Ukishatolewa damu, endelea kula vilevile. Kingamwili zikionekana, huenda wakakufanyia endoskopi, yaani kukupitishia mpira wenye kamera mdomoni hadi kwenye utumbo, na kukata vipande vidogo vya utumbo wavitazame kwa darubini, na hivyo navyo vinadanganya kama umeacha ngano. Waombe pia wapime IgA yote kwa jumla, yaani ile aina ya kingamwili ambayo kipimo kinaitegemea. Wako watu ambao mwili wao hautengenezi IgA ya kutosha, na kwao kipimo cha kwanza hakiaminiki.

Kuhara kukizidi au ukianza kukonda, mpigie daktari, usijikaze. Na choo kipimwe pia. Hapa kila tumbo linaloumwa linaitwa amiba na watu wanameza dawa kwa kubahatisha. Safari hii tupate jibu la labo.

Majibu yakitoka, nipigie picha ya karatasi unitumie, na unieleze ngano umeila tangu lini. Wakikukuta na siliaki, mimi, mama yako na wadogo zako tutapimwa pia, maana ugonjwa huu unatembea katika damu ya ukoo.

Baba yako