Kuinua nyuma ya Land Cruiser HZJ75

Ndugu yangu, umeuliza kama shakeli ndefu (vile vyuma vinavyoning'iniza ncha ya springi kwenye chasisi) zitatosha kuinua nyuma ya HZJ75 yako iliyolala. Hazitoshi. Shakeli ikiwa ndefu kuliko ya zamani kwa sentimita 5, gari linapanda kama sentimita 2.5 tu, na springi iliyochoka inabaki imechoka. Funga springi mpya na yubolti mpya (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), za zamani zimeshavutika. Bolti za bushi (ile mipira ya kwenye matundu ya springi) usizikaze gari likiwa kwenye jeki; lishushe kwanza likalie uzito wake, la sivyo bushi zitasokoteka na kupasuka mapema.

Wengi husahau kile kifimbo cha vali ya breki kinachoshuka hadi kwenye ekseli. Gari likinyanyuka, vali inadhani halina mzigo, breki za nyuma zinapungua. Mimi niligundua nikiteremka mlima Kitonga, wenye mteremko mkali! Kirekebishe. Ukifika kilomita 500, kaza yubolti tena.