Hannah na Anna ni jina moja, binti yangu

"Shangazi, shikamoo. Nina mtoto wa kike wa wiki tatu, mzaliwa wangu wa kwanza. Tangu mimba nilishachagua aitwe Hannah, jina la kisasa, na nimeshaliandika kwenye kadi ya kliniki. Mama mkwe anataka aitwe Anna, jina lake yeye. Ni jina la kizee, silitaki. Alikuja kunitunza, siku ya nne akafunga mzigo akarudi kwake bila kuniaga. Mume wangu amesema tufanye tutakavyo, kisha akanyamaza. Nimwambieje huyu mama kwamba mtoto ni wangu?" – Mama Hannah, Morogoro

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa uzazi. Wiki tatu ni chache, mwili bado unauma na usingizi hautoshi. Pole. Sasa nisikilize.

Mnagombania jina moja. Hannah ni Kiebrania, herufi tatu tu: heti, nuni, he. Ile ya kwanza hutoka kooni, kama Waarabu wanavyotamka Hasani. Maana yake ni neema, fadhili. Mzizi huohuo ndio uliozaa Yohana na Hanania. Wayahudi wa Aleksandria walipoanza kutafsiri maandiko yao kwa Kigiriki, karne ya 3 kabla ya Kristo, Kigiriki hakikuwa na herufi ya sauti ile ya kooni, wakaandika Anna. Biblia ya Kilatini ikafuata hivyohivyo, na kwa zaidi ya miaka elfu makanisa ya Ulaya yakabatiza wasichana Anna. Waprotestanti wa Kiingereza walipotafsiri upya kutoka Kiebrania katika karne ya 16, ndipo ile H ikarudi. Kwa hiyo hilo unaloliita la kisasa ndilo kongwe, na la mama mkwe wako ndilo dada yake mdogo.

Fungua Biblia yako ya Kiswahili uone mwenyewe. Katika Samweli wa Kwanza utamkuta Hana, mke wa Elkana. Katika Luka 2:36 utamkuta Ana, binti Fanueli, nabii mjane aliyempokea mtoto Yesu hekaluni. Na kama mama mkwe wako ni Mkatoliki, jina lake lina sikukuu: Julai 26, ya Yoakimu na Ana, wazazi wa Bikira Maria. Biblia haiwataji hao wawili. Wametokana na mapokeo ya kale, maandishi ya karne ya 2.

Na huko ulikolitoa hilo jina, maana naona umelitoa kwenye simu, mambo hayako unavyodhani. Katika orodha ya majina ya Marekani ya mwaka 1880, Anna lilikuwa la pili kwa wasichana, nyuma ya Mary. Hannah lilishika nafasi hiyohiyo ya pili mwaka 1998, 1999 na 2000, nyuma ya Emily, kisha likashuka. Jina unalolikimbilia kwa usasa wake, kilele chake huko kilishapita, na wenye nalo wa wakati ule ni wanawake wazima. Majina haya hupokezana. Kuitwa la kizee leo hakumaanishi kitu.

Basi tuje kwenye lile ambalo barua yako imelipita mbio. Mwanamke anayekuja kumwogesha mjukuu wake wa kwanza na kumpikia mzazi uji huwa amejipanga kukaa mpaka arobaini. Haondoki siku ya nne kwa sababu ya herufi H. Ameondoka kwa sababu amesikia jina lake likiitwa la kizee, tena katika nyumba ya mwanawe. Hukuandika kwamba ulilitamka mbele yake, lakini mimi naamini ulilitamka. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi niko upande wake.

Mumeo naye usimwite mnyonge. Jina lilikuwa kwenye kadi kabla hajaulizwa. Ulitaka aseme nini? Hapa ndipo ndoa za siku hizi zinaponitia uchungu. Mimba inaonekana, picha zinawekwa kwenye simu, marafiki wanapiga kura ya jina, na baba wa mtoto analisoma kama msomaji mwingine yeyote. Wazee wake ndio wa mwisho kujua. Halafu mtoto akiugua usiku, nani anapigiwa? Bibi. Mkono mmoja haulei mwana, na mkono ulioufukuza ndio uliokuwa umeshika beseni.

Utaniambia kwamba Hana mwenyewe ndiye aliyempa mwanawe jina la Samweli. Kweli, imo Samweli wa Kwanza 1:20. Lakini endelea kusoma. Alipotaka kubaki nyumbani mpaka amwachishe mtoto ziwa, ndipo ampeleke Shilo, alimwambia Elkana nia yake, na Elkana akamkubalia. Huyo mama alikuwa ameteswa miaka na mke mwenza, kuhani Eli akamdhania mlevi kwa sababu midomo ilicheza na sauti haikusikika, lakini hakumficha mumewe jambo la mtoto. Ukitaka jina lake, chukua na mwenendo wake.

Hukumu yangu: mwandikeni Anna. Kwa maana ni jina lilelile ulilolitaka, linaandikwa karibu kama linavyotamkwa hapa kwetu, na bibi anapata wajina. Hannah ina H ya mwisho isiyosikika. Karani mmoja ataiandika, mwingine ataiacha, wa tatu ataondoa na N moja. Likishabaki Hana, darasani watoto watasema "Hana hana kalamu" mpaka binti alichukie.

Kuhusu karatasi, kuwa makini. Kadi ya kliniki si cheti. Kinachoangaliwa ni tangazo la uzazi ulilopewa hospitali, ambalo ndilo mtapeleka kusajili kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, na usajili ni ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Umeshatumia kama 21. Kama tangazo lina jina tayari, muulize msajili utaratibu wa kulirekebisha kabla cheti hakijachapwa. Soma herufi kwa herufi kabla ya kutia sahihi. Kisha jina hilohilo, kwa herufi hizohizo, liende kwenye ubatizo, bima na shule. Kliniki Hannah, ubatizo Anna, shule Hana: hao ni watu watatu, na siku ya kuomba kitambulisho cha taifa au pasipoti binti yako atahangaika na viapo vya mahakamani kuthibitisha kwamba ni mmoja.

Lakini kabla ya fomu, kaa na mumeo, umwombe radhi kwa kumruka. Kisha Jumamosi mwende wote kwa mama, mbebe mtoto, kitenge na sukari. Usianze kueleza Kiebrania. Piga magoti, sema neno lilikutoka vibaya, umweke mtoto mapajani mwake na umwambie, "Mama, huyu ni wajina wako." Akikubali kurudi kumalizia arobaini, mwandalie chumba.