Kadi imeingia, mlango hauonekani

SWALI: Tuna ruta (kifaa cha kuunganisha mitandao) ya Cisco 2811 hapa Lubumbashi. Tumechomeka kadi ya WIC-2T, yenye milango miwili ya serial, lakini amri “interface serial 0/1” inakataliwa. Kwa nini?

JIBU: Ndugu, namba mbili ni za milango iliyojengwa ndani ya ruta yenyewe: FastEthernet0/0 na 0/1. Kadi ndogo hudai tatu: 0 ya mwili wa ruta, kisha nafasi kadi ilipochomekwa, kisha mlango. Nafasi huhesabiwa kutoka kulia (hapo wengi hukosea), kuanzia 0. Kadi ikikaa nafasi ya 1, andika Serial0/1/0 au 0/1/1. Namba za moduli kubwa huanza na 1. Hakikisha kwa “show ip interface brief”, amri inayoorodhesha milango yote. Milango ya kadi ikikosekana kabisa, zima umeme kwanza, ndipo uichomoe kadi na kuikaza upya.