Kumfungia mtumiaji wa seva ndani ya folda yake

SWALI: Ninasimamia seva ya Linux ya kampuni ya utalii hapa Arusha. Wapigapicha wa nje huingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) kupakia picha za wageni. Niliwapa rbash (sheli, yaani programu ya kupokea amri, iliyowekewa vizuizi) ili kila mmoja abaki kwenye folda yake, lakini bado wanasoma mafaili ya wenzao. Nimekosea wapi?
Msomaji, Njiro

JIBU: Ndugu msomaji, rbash humzuia mtu kutumia cd na kuita amri kwa jina lenye mkwaju, lakini haimzuii kuandika cat ikifuatiwa na njia kamili ya faili la mwenzake. Akiwa na vi (kihariri cha maandishi), ataandika :set shell=/bin/bash, kisha :shell, na hapo kizuizi chote kimekwisha. Kwa hiyo anza na ruhusa: kila folda ya nyumbani iwe chmod 700, yaani mwenyewe pekee aweze kuifungua, kuisoma na kuiandikia. Hilo peke yake litaondoa sehemu kubwa ya malalamiko yako.

Pili, mtu anayepakia picha tu hahitaji sheli hata kidogo. Waweke kwenye kundi moja, kisha mwishoni kabisa mwa sshd_config, faili la mipangilio ya huduma ya SSH (mwishoni, kwa sababu kila kinachofuata Match huhesabiwa kuwa chake) andika:

Match Group wapigapicha
ChrootDirectory /srv/picha/%u
ForceCommand internal-sftp
AllowTcpForwarding no
X11Forwarding no

Hapo mtu huweza kuhamisha mafaili tu (SFTP), na haoni chochote nje ya folda ya ChrootDirectory; %u ni jina lake la mtumiaji. Wengi hukwama kwenye umiliki. Folda ya /srv/picha/jina, pamoja na zote zilizo juu yake, lazima zimilikiwe na root (msimamizi mkuu wa mfumo) na zisiandikwe na mtu mwingine yeyote. Vinginevyo mtumiaji atakatwa mara tu anapoingia, na kwenye logi utakuta "bad ownership or modes for chroot directory". Mtengenezee ndani yake folda ndogo, tuseme "pakia", iliyo mali yake. Kagua kwa sshd -t kabla ya kuwasha upya huduma, na usifunge dirisha ulilo nalo hadi uingie tena kwa dirisha jingine.

Akitokea anayehitaji sheli kweli, itakubidi unakili ndani ya folda hiyo aliyofungiwa sheli ya sh, maktaba inazozihitaji (amri ya ldd huzitaja), pamoja na mafaili ya vifaa /dev/null na /dev/tty, na uzisasishe mwenyewe kila mara; kazi hiyo mimi siipendekezi. Isitoshe, chroot (ndiyo mbinu hii ya kumfungia mtu ndani ya folda), iliyoingia Unix toleo la 7 mwaka 1979, haimzuii mwenye uwezo wa root kutoka, hivyo usiweke humo programu yoyote yenye setuid (alama inayoifanya iendeshwe kwa uwezo wa mmiliki wake, mara nyingi root).