Usimpe fundi cherehani mchoro huo: bendera za namba kwa mashindano ya ngalawa

SWALI: Kepteni, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya mashindano ya ngalawa kijijini kwetu huku Pemba. Mwaka huu tunataka bendera zetu wenyewe za kuonyesha namba: mwelekeo wa boya la kwanza, idadi ya mizunguko, na dakika zilizobaki kabla ya kuanza. Kijana anayechora kwa kompyuta ametuandalia bendera 14 za mraba: 0 hadi 9, kisha nukta ya desimali, digrii, kutoa na asilimia. Kila moja ina rangi yake na tarakimu au alama imeandikwa katikati. Tumpe fundi ashone? Na alama ya digrii tuipe rangi gani isije ikachanganywa na sifuri?

JIBU: Marahaba, katibu. Usimpe fundi mchoro huo. Kila msimu naletewa michoro ya aina hii, na kila mara kosa ni lile lile: mtu anadhani bendera ya namba ni picha ya namba. Anaketi mbele ya kioo cha kompyuta, sentimita 50 kutoka machoni, anaandika 3 kubwa nyekundu juu ya kitambaa cha chungwa, anaridhika. Baharini hakuna mtu atakayeisoma akiwa sentimita 50.

Chukua hesabu. Jicho zima hutenganisha vitu viwili vikiachana kwa pembe ya takriban dakika moja, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Kwa umbali wa kilomita moja, pembe hiyo ni kama sentimita 29. Basi ukiacha uwazi wa sentimita 10 ndani ya tumbo la 3, nahodha aliye mita 350 hauoni tena, na kwake 3, 8 na 0 zimekuwa doa moja. Hapo nimechukulia kitambaa kimetulia kimya. Weka upepo wa kusi unaokikunja, weka mawimbi, weka jua la saa tisa usoni. Halafu kumbuka kwamba nusu ya ngalawa zako ziko upande wa pili wa mlingoti, na huko 2 inaonekana imegeuzwa. Wapo wanaoshona pande mbili ili kulitibu hilo. Bendera inakuwa nzito kama shuka lililolowa, na upepo ukilegea inalala juu ya kamba.

Rangi nazo. Kijana wako ametumia rangi 14. Bahari inakupa tano: nyekundu, buluu, njano, nyeusi na nyeupe. Bendera zote za Kitabu cha Kimataifa cha Ishara, kile kilichopitishwa mwaka 1965 na kuanza kutumika tarehe 1 Aprili 1969, zimeshonwa kwa hizo tano tu, kwa sababu ndizo zinazotambulika kwa mbali. Chungwa ikiwa mbali ni nyekundu au ni njano, kutegemea jua liko wapi. Kijani ikipigwa na mwanga kwa nyuma haina tofauti na buluu, na wapo wanaume wengi tu wasiotenganisha kijani na nyekundu hata ikiwa mkononi mwao. Tena huchagui rangi moja moja, unachagua jozi: nyekundu na nyeupe, njano na buluu, buluu na nyeupe, nyeusi na nyeupe, nyeusi na njano. Kanga ina nafasi ya mapambo madogo na jina lake kwa chini kwa sababu msomaji wake ni jirani aliyekaa mkekani. Msomaji wako yuko chini ya tanga, mkono mmoja umeshika usukani, na ana sekunde mbili za kutazama.

Kabla ya rangi kuna umbo, na hapa ndipo wachoraji wote wanapokosea. Katika kitabu hicho bendera za herufi ni za mraba, isipokuwa A na B zenye mkia uliokatwa. Bendera za namba ni ndefu, pana upande wa kamba, zikipungua hadi ncha iliyokatwa. Kwa nini? Tazama namba 5: nusu ya kwanza njano, ya pili buluu. Sasa tazama herufi K: nusu ya kwanza njano, ya pili buluu. Ni rangi zile zile, kwa mpangilio ule ule, na hakuna anayekosea, kwa sababu umbo limeshamwambia “hii ni namba” kabla jicho halijafika kwenye rangi. Ukizifanya zote mraba, umelitupa jambo lililokuwa linakufanyia nusu ya kazi.

Sasa alama. Umeniuliza rangi ya digrii. Jibu ni kwamba digrii haihitaji bendera. Mwelekeo wa chombo hupandishwa kwa herufi C na tarakimu tatu, daima tatu: C045. Sifuri ya mbele haiachwi, na kwa kuwa ni tatu baada ya C, kila mtu anajua ni digrii. Saa za hapo mlipo ni T na tarakimu nne. Umbali kwa maili za baharini ni R. Kutoa hakuna, kwa sababu latitudo hufungwa kwa N (kaskazini) au S (kusini). Desimali ipo, nayo hupewa bendera ya kujibu, ile ya mistari ya wima nyekundu na nyeupe, ambayo tayari imo kwenye seti ya kimataifa. Asilimia sijui mngeifanyia nini kwenye mbio za ngalawa.

Badala ya alama nne za kijana wako, vitu vinavyohitajika kweli ni bendera tatu za kurudia. Una 5 moja tu, na unataka C055. Unapandisha C, 0, 5, kisha bendera ya kurudia ya pili, inayosema “irudie tarakimu ya pili”. Namba 1100 ni 1, kurudia ya kwanza, 0, kurudia ya tatu. Bendera kumi za namba, tatu za kurudia, moja ya kujibu: jumla 14, sawasawa na idadi ya mchoro wako, ila hizi zinasomwa na baharia wa taifa lolote.

Tarehe 21 Oktoba 1805, Nelson, amiri wa Uingereza, alipotaka kuzungumza na meli zake za kivita karibu na Trafalgar, alitumia bendera za tarakimu kumi za kitabu cha ishara cha Popham, afisa wa jeshi hilo hilo la majini. Kila neno lilikuwa na namba yake: 253 “England” (Uingereza), 269 “expects” (inatarajia). Neno “duty” (wajibu) halikuwamo kitabuni, likatajwa herufi kwa herufi: 4, 21, 19, 24. Sentensi nzima ilipita kwa tarakimu, bila alama hata moja. Nguvu ilikuwa kwenye jedwali lililomo mikononi mwa wote.

Kwa dakika zilizobaki, msijisumbue. Ngalawa ziko karibu na mstari wa kuanzia, hivyo ubao mweupe wenye tarakimu nyeusi nene unatosha.

Kuhusu kitambaa, simama juu ya fundi. Nyekundu ikimwishia asiweke waridi. Niliwahi kununua seti ya bei rahisi, na baada ya msimu mmoja wa jua nyekundu yake ilipauka hadi namba 7, njano juu na nyekundu chini, ikawa bendera ya njano tupu.

Na wewe katibu pengine utaniambia ni mbio za kijijini tu, nani atajali. Wauzaji wa michoro husema hivyo hivyo. Lakini bendera za mraba mlizochorewa tayari zina wenyewe. Bendera moja ya mwanachama wenu niliyowahi kuonyeshwa ilikuwa na robo nne za nyekundu na nyeupe, eti ni 4: hiyo ni U, “unaelekea hatarini”. Nyeupe yenye msalaba mwekundu wa mshazari, wengi huipenda kwa alama ya kuzidisha: hiyo ni V, “nahitaji msaada”. Njano tupu ni Q, chombo kinaomba ruhusa ya afya bandarini. Wavuvi na manahodha wa mashua wanaopita hapo wanawaona. Mkiipandisha V msimu mzima kama hesabu ya mizunguko, siku mashua itakapoipandisha ikiwa inazama, vijana wenu watahesabu mizunguko.