Kwa mnaoanza bendi ya vinanda Unguja: someni kazi ya Depeche Mode

Kijana akitaka kuanzisha bendi ya vinanda hapa Unguja, swali lake la kwanza huwa anunue mashine gani. Hilo lingoje. Kwanza jueni nani kati yenu anatunga, nani anatengeneza sauti, nani anashika hesabu, na mmoja akiondoka kesho kitabaki nini. Kwa masuala hayo hatujaona darasa zuri kuliko safari ya Depeche Mode, bendi iliyoanzia Basildon, Uingereza, mwaka 1980, na mwaka 2023 ikawa bado inatoa albamu mpya.

Walianza wanne: Vince Clarke, Martin Gore, Andy Fletcher na mwimbaji Dave Gahan. Vinanda vyao vya mwanzo, kama Moog Prodigy na Yamaha CS-5, vilikuwa vya bei nafuu na vya noti moja moja: ukibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, inalia sauti moja tu. Upungufu huo ndio uliowafunza kupanga muziki, kwa sababu kila noti ilibidi ichaguliwe na iwe na mtu wake.

Fanyeni zoezi hilohilo. Chukueni wimbo mmoja mnaoujua vizuri, kila kinanda kiwekwe kwenye hali ya noti moja. Wa kwanza apige besi chini ya hezi 200, na huko asiingie mwengine. Wa pili akae katikati na kipande cha noti tatu au nne kinachojirudia. Wa tatu apige mstari wa juu, tena pale tu mwimbaji anapovuta pumzi. Rekodini kwa simu, msikilize.

Kinachoharibu mara nyingi ni mkono wa kushoto. Mpiga kinanda aliyezoea kubeba harusi nzima peke yake huijaza besi bila kujijua. Vinanda viwili vikigongana huko chini spika zinavuma na maneno ya mwimbaji hayafahamiki. Na maneno ndiyo mali ya muziki wetu: mtu hainuki kitini kwenda kutunza kwa sababu ya kinanda, huinuka kwa ubeti uliomgusa. Maneno yakiwa bado hayasikiki, punguzeni vinanda desibeli 3 kati ya hezi 1,000 na 3,000 kabla hamjampandisha mwimbaji.

Lipo jambo ambalo bendi ile ya Basildon haikulihitaji na nyinyi mtalihitaji: maqamu, yaani skeli za muziki wa Kiarabu kama rasti na hijazi. Mkitaka kupiga rasti kutoka C, ingieni kwenye menyu ya kupanga skeli, mshushe E na B kwa senti 50, yaani nusu ya hatua kati ya kitufe na kitufe cha jirani. Hijazi inapigika kwenye kinanda cha kawaida bila kugusa kitu. Kosa la kawaida ni kinanda kimoja kupangwa na cha pili kusahauliwa, vikalia pamoja kama ugomvi. Hifadhini mpangilio huo ndani ya sauti yenyewe kwenye vinanda vyote, mkaulinganishe na fidla au udi kabla ya onesho. Na mkihamisha ufunguo kwa ajili ya mwimbaji, pimeni upya: kwenye baadhi ya mashine noti zilizoshushwa hazihami pamoja na ufunguo.

Sasa mashine. Kinanda cha mtumba kutoka Japani kigeuzeni kwanza, msome kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa volti 100, msikichomeke: umeme wetu ni volti 230, kitaungua papo hapo. Kinataka transfoma ya kushusha. Kwa kinanda cha wati 30 chukueni ya wati 100, maana iliyo sawasawa inapata moto kupita kiasi. Kinanda cha analogi, kinachotoa sauti kwa saketi za umeme na si kwa kompyuta, kiwasheni nusu saa kabla ya kukitia sauti, kwa sababu noti zake huhama kadiri kinavyopata joto.

Hewa ya pwani ndiyo adui mkubwa. Kitufe kinachokaa kimya, au kinachopiga kelele hata ukikigusa polepole, kwa kawaida hakijafa. Chumvi, unyevu na vumbi vimekaa kwenye raba ya mguso. Chomoeni umeme, fungueni, mfute raba na ubao kwa pamba yenye alkoholi safi ya asilimia 99, msubiri robo saa ndipo mfunge. Manukato na spiriti za dukani zenye mafuta zinazidisha uchafu. Ndani ya begi wekeni vifuko vya silika vya kunyonya unyevu.

Jukwaani, kinanda kikiwa mbali na mikisa zaidi ya mita 6, tumieni boksi la DI, kisanduku kinachowezesha mlio wa kinanda kupita waya mrefu bila kuokota kelele. Mkisikia mvumo wa hezi 50, chomekeni vifaa vyote kwenye chanzo kimoja cha umeme. Pini ya ethi ya plagi isikatwe kamwe. Kuikata kunaondoa mvumo na kunaua mtu. Depeche Mode walipiga na ngoma zilizorekodiwa kwenye mkanda, kwa hiyo hapana aibu kutumia laptopu: muziki upande wa kushoto, mdundo wa kuhesabia upande wa kulia, uende sikioni mwa mpigaji tu. Fundi wa ukumbi akifungua pande zote mbili, watu watasikia mdundo badala ya wimbo. Mpeni waya mmoja tu wenye lebo, ule wa kushoto.

Turudi kwa watu, maana hapo ndipo bendi nyingi zinapokufa. Albamu yao ya kwanza ilitoka Oktoba 1981 na kuingia kumi bora za Uingereza. Nyimbo karibu zote zilikuwa za Clarke, na kabla mwaka haujaisha Clarke akatangaza kuondoka. Akaenda kuunda Yazoo na Alison Moyet, baadaye Erasure na Andy Bell, na kote alifanikiwa. Waliobaki waliokolewa na jambo moja: Gore alikwisha kutunga vipande viwili vya albamu ile, na ya pili, ya Septemba 1982, akaitunga yote. Basi tangu mwezi wa kwanza wa bendi yenu, katika kila nyimbo tano, moja iwe ya mtunzi wa pili, hata ikiwa dhaifu.

Alan Wilder aliingia 1982, kwanza kama mpigaji wa ziara tu. Mwaka 1983 bendi ilipoanza kurekodi milio ya vyuma na kuigeuza ala, kazi hiyo ya kujenga sauti ilimwangukia yeye zaidi na zaidi. Nanyi mna Darajani na mafundi wa majahazi Nungwi: rekodini nyundo kwa umbali wa mita moja, kilele kisipite desibeli −12, mapigo matano laini na matano ya nguvu, na mwenye kazi aombwe ruhusa. Adhana na Qur'ani msiziguse. Kukata na kusafisha milio hiyo ni kazi ya kutumia headfoni. Ifanyeni Ramadhani, shughuli zinaposimama, ili Mfungo Mosi muwe tayari.

Wilder aliondoka Juni 1995, akieleza kuwa mchango wake haukupewa heshima uliyostahili. Mtengeneza sauti haonekani jukwaani, kwa hiyo kazi yake hudhaniwa ni ya mashine. Fungu lake liandikwe mapema, na la mshika hesabu pia: Fletcher, aliyefariki Mei 2022, hakuwa mtunzi, lakini mambo ya biashara aliyabeba yeye kwa miaka.

Bendi ile ilianza na Daniel Miller, mwenye kampuni ya rekodi ya Mute, kwa kupeana mkono tu. Msiige. Andikeni karatasi moja: fungu la utunzi, fungu la onesho, kila kinanda ni cha nani, na jina la bendi linabaki kwa nani mtu akitoka. Nyimbo zisajilini COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kwa majina ya watunzi wa kweli. Kisha wekeni daftari lenye jina la wimbo, ufunguo, mwendo, namba ya sauti kwenye kila kinanda na maqamu, na sauti zote zinakiliwe kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, si zote kwa mtunzi.