Kwanza andikeni nani alitangulia kufa

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: Serikali imechukua eneo la familia kwa mradi wa umma, fidia imeingia katika akaunti ya mtu mmoja, je, ndugu waigawe vipi? Najua wengi watakujibuni "kaeni kikao". Sisi kikao tulikaa, tena vitatu, kwenye kiambo chetu huku Wete, Pemba, na cha kwanza kiliishia kwa watu kuondoka bila ya kuagana.

Barabara ilipopanuliwa walikuja watu na kamba ya kupimia na rangi nyekundu. Wakahesabu nyumba ya marehemu babu, wakahesabu mikarafuu, minazi na mfenesi. Fomu ikataka jina moja. Aliyekuwapo nyumbani siku ile ni mjomba mdogo, likaandikwa lake. Hapo ndipo pa kuanzia jibu langu. Jina kwenye fomu halimfanyi mtu kuwa mwenye mali. Mjomba alipewa amana. Yeye mwenyewe hakukataa hilo, nimshukuru, lakini zipo familia ambazo mwenye jina anakuwa tajiri wa miezi mitatu na wenzake wanabaki kupiga simu isiyopokewa.

Zilizoingia ni milioni 31. Kosa letu la mwanzo lilikuwa kutaka kuzigawa zote. Mkaza mjomba, mjane wa mjomba mkubwa, ndiye aliyeomba kuiona karatasi ya tathmini yenyewe badala ya kusomewa jumla. Kumbe mstari kwa mstari mle ndani kulikuwa na mikarafuu michanga na banda la ng'ombe, jumla milioni 7, ambavyo mjomba mdogo alivipanda na kuvijenga kwa mkono wake miaka mingi baada ya babu kufa, na ndugu zake wote wakijua. Huku kwetu Zanzibar ardhi ni ya umma tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, na sheria ya ardhi ya 1992 imeliweka hilo wazi. Tangu enzi za wazee wetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na chini yake pana mwengine. Basi mkarafuu alioupanda mjomba si mirathi ya babu. Milioni 7 zikatoka, zikabaki 24. Hizo ndizo za kurithiwa.

Babu aliacha mke, yaani bibi yetu, watoto wawili wanaume na watatu wanawake. Mjane mwenye watoto ana thumuni, yaani moja ya nane. Zilizobaki huenda kwa watoto, mwanamme mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Hesabu yetu ilikaa vizuri kama iliyopimwa kwa pishi: mafungu manane, kila fungu milioni 3. Bibi 3, wajomba 6 kila mmoja, mama yangu na dada zake 3 kila mmoja. Mpaka hapo hakuna aliyenuna.

Shida ni kwamba mali ya babu haikugawiwa alipokufa. Kiambo kilikaa hivyo hivyo, watu wanachuma, wanakula, na huku wenye mafungu nao wanaondoka. Mjomba mkubwa alifariki Unguja, bibi akafariki huku Pemba, mwaka mmoja, wiki chache kati yao. Swali likawa: nani alimtangulia mwenzake?

Mtu ataona ni udadisi tu. Tazameni pesa. Kama mjomba alitangulia, mama yake alikuwa hai na anamrithi: katika zile milioni 6 bibi anapata sudusi, yaani moja ya sita, milioni 1, mke wa mjomba thumuni, 750,000, na watoto wake wanagawana 4,250,000. Kisha bibi naye anapokufa akiwa na milioni 4, zinarithiwa na wanawe walio hai tu. Wajukuu kwa mjomba aliyekwisha kufa wanazuiwa na mjomba aliye hai. Kama bibi ndiye aliyetangulia, mambo yanageuka: mjomba mkubwa anamrithi mama yake kwanza, na nyumba yake inaondoka na 6,857,000 na ushei badala ya milioni 5. Karibu milioni mbili zinahama kwa sababu ya wiki chache.

Mama zetu walisema mjomba alitangulia. Watoto wa mjomba, waliokuwa wadogo wakati ule, walisema wao wanakumbuka kuletwa Pemba msibani kwa bibi kwanza. Cheti cha kifo cha bibi hakikupatikana. Alizikwa kijijini siku ile ile kabla ya alasiri. Nami sifichi, mama yangu ni katika waliofaidika na jawabu lililopatikana, kwa hivyo nilijinyamazia.

Jawabu lilitoka ndani ya sanduku la mama mkubwa. Lilikuwa daftari la shule, jalada limeliwa na mende, ambamo aliandika michango ya hitima ya mjomba mkubwa iliyosomwa huku kwetu. Jina, kisha kitu. Nazi ishirini. Sukari kilo tano. Na mstari wa saba: "Mama, mchele pishi mbili." Huyo mama ndiye bibi yetu, na maiti hachangi hitima. Kijana mkubwa wa mjomba alilisoma mara mbili, akampa mama yake, naye akasema tu, "Basi, mimi nilikuwa edani, sikuwapo," mjadala ukafungwa.

Kwa hiyo ushauri wangu: kabla hamjataja shilingi, andikeni vifo kwa mpangilio wake, na ushahidi wa kila kimoja, kisha ipelekeni karatasi hiyo kwa kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, wakupigieni hesabu. Madeni ya marehemu na wasia wake, usiozidi thuluthi (moja ya tatu), hutangulia. Sisi tulijaribu kujipigia wenyewe kwa simu ya mkononi tukapata majawabu manne.

Jambo la kusamehe nalo. Kikao cha kwanza mjomba alipendekeza kugawa sawasawa kwa vichwa, na mama mdogo, kwa haya zake, akasema yeye hataki kitu, wapewe kaka zake. Bora tulimzuia. Mtu asamehe baada ya kuambiwa milioni zake ni ngapi na kuziona. Kusamehe usichokijua ni kunyang'anywa kwa heshima. Alipotajiwa 3,800,000 alinyamaza, akazipokea, wala hakuna aliyemlaumu. Wakubwa walikubaliana kumkatia mjomba mdogo nauli na taabu zake za kufuatilia, kila mtu kwa hiari katika chake. Lakini binti wa mjomba mkubwa, aliyekuwa mtoto wa mgongoni baba yake alipofariki, sasa bado ni mwanafunzi. Laki nane na nusu zake hazikukatwa hata senti, si nauli, si chai ya kikao. Mdogo hana wa kumsamehea.

Mwembe mmoja ulibaki nje ya alama nyekundu, hatua mbili tu, haukulipwa na haukukatwa. Haukuingia katika hesabu ya mtu yeyote. Msimu huu umezaa mpaka matawi yameinamia barabarani, na juzi mama mkubwa amenipigia simu kuuliza mke wa mjomba mdogo ameuza matenga mangapi.